Kamera za ulinzi wa nyumbani: 1080p, 2K au 4K, ipi inastahili pesa yako?

Mwizi alikaa mbele ya kamera yangu kwa sekunde 41. Nilizihesabu, maana ile video niliirudia zaidi ya mara ishirini. Aliruka ukuta, akasimama chini ya dirisha, akaiinamia baiskeli ya mwanangu, akaondoka nayo. Kamera ilikuwa ya 4K, ya bei kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, na mchana ilikuwa inanionyesha majani ya mti moja moja. Usiku ule ilinionyesha mtu wa kijivu mwenye uso kama unga uliokandwa. Macho hayapo, pua haipo. Kofia na mabega tu.

Mlango wa nyuma nilikuwa na kamera ndogo ya 1080p yenye lenzi nyembamba, juu ya njia ambayo taa yake huwaka usiku kucha. Alipotoka aliipita kwa umbali wa mita kama sita hivi. Ile ya bei ya chini ndiyo iliyonipa sura, na jirani alipoiona alimtambua papo hapo.

Tangu siku hiyo nalinganisha kamera kwa swali moja tu: mtu akipita pale ninapotaka, usiku, huku anatembea, je, anayemjua atamtambua? Wingi wa pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, ni sehemu ya jibu, lakini ni sehemu ndogo kuliko maboksi yanavyotuaminisha.

Pikseli ngapi zinaangukia uso?

1080p ni pikseli 1920 kwa 1080, yaani karibu milioni 2. Kinachoandikwa 2K kwenye maboksi ya kamera hizi kwa kawaida ni 2304 kwa 1296, ambayo ni megapikseli 3 (pikseli milioni 3), au 2560 kwa 1440, karibu megapikseli 4. 4K ni 3840 kwa 2160, megapikseli 8 na ushee. Ni kweli kwamba 4K ina pikseli mara nne ya 1080p. Ila kwa upana imezidi mara mbili tu, na upana ndio unaogawanywa kwenye eneo unalolitazama.

Kuna kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, ambacho mafundi wazoefu hukitumia. Toleo lake la 2014 linasema hivi: ili kumtambua mtu usiyemjua bila shaka, unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana pale aliposimama. Mtu unayemfahamu tayari, 125 zinatosha. Kujua tu kwamba kuna mtu, 25. Hizo namba tatu ndizo rafiki wa mnunuzi, kwa sababu zinageuza maneno ya matangazo kuwa mita.

Nimepiga hesabu ya pikseli 250 kwa pembe tatu za lenzi. Pembe hizi ni za mlalo, kutoka kushoto hadi kulia. Angalia vizuri kwenye boksi, kwani kampuni nyingi hutaja pembe ya mshazari, ambayo siku zote huonekana kubwa zaidi.

| Pembe ya lenzi | 1080p | 2K (2560) | 4K |
|---|---|---|---|
| Digrii 110 (lenzi ya milimita 2.8 hivi) | mita 2.7 | mita 3.6 | mita 5.4 |
| Digrii 80 (milimita 4 hivi) | mita 4.6 | mita 6.1 | mita 9.2 |
| Digrii 50 (milimita 6 hivi) | mita 8.2 | mita 11 | mita 16.5 |

Linganisha kona mbili za jedwali hilo. Kamera ya 1080p yenye lenzi ya digrii 50 inatambua sura kwa mita 8.2, ilhali ya 4K yenye digrii 110 inaishia mita 5.4. Hapo ndipo pesa yangu ilipopotea. Kamera yangu ya 4K ilikuwa pana mno, na mwizi alikuwa mita 8 kutoka ilipo. Nilikuwa nimebakiwa na pikseli kama 168 kwa mita. Mchana zingetosha kabisa kumtambua mtu ninayemjua. Usiku ni habari nyingine.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha kamera na kamera, chukua futi kamba. Pima kutoka pale utakapoifunga hadi pale mtu atakapolazimika kupita: geti, mlango, ngazi, mlango wa gari. Namba hiyo moja itakuchagulia lenzi, na lenzi itakuambia kama kweli unahitaji 4K.

Usiku ndipo kamera zinapotengana

Mchana, kwenye mwanga wa kutosha, ukiziweka kamera tatu za kampuni tatu tofauti zenye pikseli sawa, wengi wetu hatutajua ipi ni ipi. Giza likiingia, unaona kila senti ilikokwenda.

Cha kwanza ni kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ukubwa wake huandikwa kwa sehemu ya inchi: 1/3, 1/2.8, 1/1.8. Kadiri namba ya chini inavyopungua ndivyo kihisi kinavyokuwa kikubwa. Tuchukue vihisi vitatu vya Sony ambavyo vimo ndani ya kamera nyingi sana za majina mbalimbali. IMX307 ni cha megapikseli 2, IMX335 ni cha megapikseli 5, IMX415 ni cha megapikseli 8. Vyote vina ukubwa ule ule wa 1/2.8. Maana yake pikseli zimebanwa kwenye kiwanja kile kile. Pikseli moja ya IMX307 ina upana wa mikromita 2.9, ya IMX335 mikromita 2.0, ya IMX415 mikromita 1.45. Ukizidisha upate eneo, pikseli ya kile cha megapikseli 2 inakinga mwanga mara nne ya ile ya 4K.

Mwanga ukiwa haba, kamera ya 4K yenye kihisi kidogo huikuza ishara inayotoka kwenye kihisi ili picha isiwe nyeusi. Hapo zinazuka chembechembe, kisha programu iliyo ndani ya kamera inazilainisha, na inapolainisha inafuta vitu vidogo pamoja nazo. Kope, mikunjo ya mdomo, herufi za namba ya gari. Uso wa unga niliouona umetokana na hilo. Chembechembe zilifutwa, sura ikafutika nazo.

Cha pili ni tundu la lenzi, linaloandikwa f/1.0, f/1.6, f/2.0. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. f/1.0 inaingiza mwanga mara nne ya f/2.0, na mara mbili na nusu ya f/1.6. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuliko ile ya kupanda kutoka 2K kwenda 4K, na ajabu ni kwamba huandikwa kwa herufi ndogo kabisa nyuma ya boksi. Lenzi ya f/1.0 ina kasoro yake: vitu vilivyo karibu sana au mbali sana huwa na ukungu kidogo, kwa hiyo lazima ielekezwe kwenye umbali ule unaoujali.

Cha tatu ni kasi ya kunasa kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video. Mtu anayetembea kawaida huenda mita 1.4 hivi kwa sekunde. Kamera ikikaa wazi kwa 1/25 ya sekunde ili ikusanye mwanga, mtu huyo amekwishasogea sentimita 5.6 ndani ya fremu moja, karibu upana wa macho yake mawili. Uso lazima uwe mchirizi. Kwa 1/100 ya sekunde amesogea sentimita 1.4 tu, na sura inakaa, ila mwanga unaoingia ni robo. Ndiyo maana picha za matangazo ya usiku, zenye bustani iliyotulia na gari lililoegeshwa, hazikuambii kitu. Hata zile namba za lux (kipimo cha mwanga) zinazosifiwa, sifuri nukta sifuri sifuri ngapi, mara nyingi zimepimwa kamera ikiwa imefungua kwa muda mrefu. Tafuta video ya mtu anayetembea. Kama kampuni haina, tafuta ya mnunuzi mwingine.

Infraredi au rangi usiku kucha?

Hapa kuna njia mbili, na watu huulizana sana ipi bora.

Kamera ya infraredi ina vitaa ambavyo jicho halioni mwanga wake. Picha huwa nyeusi na nyeupe. Vitaa vya nanomita 850 hufika mbali, ila ukivitazama gizani utaona wekundu hafifu. Vya nanomita 940 havionekani kabisa, lakini mwanga wake ni mfupi. Uzuri wa infraredi ni kwamba giza totoro haliisumbui, na haimwamshi mtu. Ubaya wake ni rangi. Na haiishii kwenye kukosa rangi tu, inadanganya pia: kitambaa cheusi chenye rangi ya kiwandani kinaweza kurudisha infraredi na kuonekana cheupe. Nimevaa koti langu jeusi nikapita mbele ya kamera, nikatoka kwenye video nimevaa koti jeupe. Fikiria unampa polisi maelezo ya mavazi kwa kutegemea video hiyo.

Halafu kuna buibui. Wadudu wanaozunguka kamera humvuta buibui, naye anatandaza utando wake palepale mbele ya lenzi. Usiku utando ule unawaka kama pazia jeupe na kila unapotikiswa na upepo simu inaleta arifa. Pita na brashi laini kila baada ya wiki mbili.

Kamera za rangi usiku kucha zinatumia kihisi kikubwa na lenzi ya f/1.0, na taa ndogo nyeupe kwa pale mwanga unapokosekana. Hikvision wanaziita ColorVu, Reolink wanaziita ColorX, TP-Link kwenye kamera zao za Tapo wanaita ColorPro. Zikiwa na mwanga kidogo tu wa taa ya jirani au ya barabarani, picha yake ni ya kushangaza: shati la bluu ni la bluu, gari jekundu ni jekundu. Kwa nyumba iliyo na taa yoyote ya nje inayowaka usiku, mimi nazichagua hizi bila kusita.

Mfano mzuri wa kuziweka bega kwa bega ni Reolink RLC-810A na Reolink CX410. Zote ni za kampuni moja, zote zinapata umeme na data kwenye waya mmoja wa mtandao, na pembe zao zinakaribiana. RLC-810A ni ya 4K na ina infraredi. CX410 ni ya megapikseli 4 tu, lakini ina kihisi cha 1/1.8 na lenzi ya f/1.0, haina infraredi kabisa. Mchana, RLC-810A inashinda. Ukivuta picha utasoma herufi ambazo CX410 inaziacha. Usiku, kwenye uwanja wenye taa hafifu, CX410 inashinda kwa mbali. Ila kwenye giza totoro, CX410 inalazimika kuwasha taa yake nyeupe, na hapo kila mtu anajua kuna kamera. Kama nyumba iko mahali pasipo na taa hata moja na hutaki mwanga, RLC-810A ndiyo yako.

Tofauti ya aina hiyo ipo pia ndani ya Tapo. C320WS na C325WB zote ni za 2560 kwa 1440, zote zinafungwa nje. Boksi likisema pikseli ni zile zile, unaweza kudhani umelipia jina. Lakini C325WB ina kihisi kikubwa na lenzi ya f/1.0, na usiku ni kamera tofauti kabisa. Nyongeza ya namna hiyo naiita pesa iliyotumika vizuri kuliko ya kununulia pikseli.

Kamera za betri

Nitakuwa wazi: kwa ubora wa picha, kamera ya waya huishinda ya betri ya bei ile ile karibu kila mara. Kamera ya betri inaishi kwa kulala. Kihisi cha joto la mwili kinaiamsha mtu akipita, inatumia muda kidogo kuamka, inarekodi klipu fupi, inalala tena. Ule muda wa kuamka ndio mara nyingi mtu anapokuwa anatazama mbele. Klipu inaanza ameshageuka, unabaki na kisogo.

Hata hivyo, wako wanaopanga na hawaruhusiwi kutoboa ukuta, na kuna mageti yaliyo mbali na umeme. Kwa hao nalinganisha mbili zilizo kwenye ncha mbili. Blink Outdoor 4 ni ya 1080p, pembe ya digrii 143 kwa mshazari, na betri mbili ndogo za lithiamu za AA ambazo kampuni inasema zinafika hadi miaka miwili. Picha ni ya kawaida, lakini inakaa pale bila kukusumbua. eufyCam S330 ni ya 4K, ina paneli ndogo ya sola juu yake, na huhifadhi video kwenye kituo chake cha ndani chenye gigabaiti 16, kinachokubali kuongezwa diski. Mchana picha yake inaizidi Blink mara nyingi, na malipo ya mwezi si lazima. Bei yake ya kuanzia ni kubwa kwa sababu unanunua na kituo. Mlango mmoja tu, mtu akigonga akiwa mita mbili? Blink inatosha. Uwanja mpana? S330, au afadhali uvute waya.

Kumbuka kwamba namba ya miaka miwili ni ya mahali patulivu. Kamera inayoangalia njia ya wapita njia inaamka mamia ya mara kwa siku, na betri inakwisha mapema sana.

Bei kamili haipo kwenye boksi

Kamera inayouzwa kwa bei ya kutupa inaweza kuwa ghali kuliko zote. Ring, kwa mfano, bila kulipia huduma unaona moja kwa moja na unapata arifa, lakini video haihifadhiwi. Mwizi akija usiku umelala, asubuhi huna kitu. Kwa hiyo ukilinganisha Ring na Tapo au Reolink zinazorekodi kwenye kadi ya kumbukumbu bila malipo, usilinganishe bei mbili za dukani. Chukua malipo ya mwezi, zidisha kwa 36, ongeza kwenye bei ya kamera. Miaka mitatu ni umri wa haki kwa kifaa cha namna hii. Mara nyingi ile iliyoonekana ya bei nafuu inahamia upande wa pili.

Huduma ya wingu, yaani video kuhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti, ina faida yake ya kweli: mwizi akiing'oa kamera, video imeshaondoka. Kadi iliyo ndani ya kamera huondoka na kamera. Njia ninayoipenda ni mashine ya kurekodi iliyofichwa ndani ya nyumba, kamera zikiwa za waya. Unalipa mara moja.

Sasa hapa 4K inadai tena. Kila megabiti 1 kwa sekunde inayorekodiwa saa 24 inakula gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera ya 4K ikirekodi kwa megabiti 8, ni gigabaiti 86 kwa siku. Kamera nne kwa wiki mbili ni terabaiti 4.8. Zile nne zikiwa za 2K kwa megabiti 3, ni terabaiti 1.8. Tofauti hiyo ni diski nyingine nzima. Hakikisha kamera inabana video kwa H.265 na siyo H.264 peke yake, kwani ile mpya hutoa picha ile ile kwa karibu nusu ya data. Na usikubali kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 2 ili iokoe nafasi. Hiyo ni 4K ya jina, mtu akitembea picha inavunjika vipande vya mraba.

Kadi nayo isiwe yoyote tu. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya kuandikwa mchana na usiku, na kwenye pakiti zimeandikwa hivyo. Kadi ya kawaida ya simu inachoka, na inachoka kimyakimya. Siku unayoitaka video unakuta tarehe ya mwisho ni ya miezi miwili iliyopita.

4K zisizo 4K

Kuna kamera zisizo na jina, hasa zile za kufunga kwenye soketi ya balbu, zinazodai 4K au 8MP. Nyingine zina kihisi cha megapikseli 2 na programu inaitanua picha. Nyingine zina lenzi mbili za megapikseli 4 na zinajumlisha. Faili litakuonyesha 3840 kwa 2160, kwa hiyo faili si ushahidi. Shika ukurasa wa gazeti mita tatu mbele ya kamera, mchana, kisha vuta picha. Kamera ya 1080p yenye lenzi inayofanana ikisoma vichwa vya habari sawa na hiyo ya 4K, umejua ulichouziwa.

Jua nyuma ya mtu

Mlango unaotazama mwangaza hutoa uso mweusi kama mkaa. Tafuta WDR ya kweli (uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na kivuli kwenye picha moja), ya desibeli 120 au zaidi. Kamera ikisema tu "WDR ya kidijitali", jua inachofanya ni kung'arisha picha baadaye, na kilichokwishapotea hakirudi.

Urefu wa kuifunga

Hili halina gharama, na limeniokolea picha nyingi kuliko kifaa chochote. Wengi wetu tunafunga kamera juu kabisa, chini ya paa, ili isifikiwe. Kamera iliyo mita 4 juu, mtu akiwa mita 3 mbele yake, inamtazama kwa kuinama digrii 39 hivi. Akivaa kofia yenye ukingo, umenunua kamera ya kupiga picha kofia. Ishushe hadi mita 2.5, pembe inakuwa digrii 17, na uso unaingia chini ya ukingo. Mke wangu alinisaidia kulijaribu: alivaa kofia yangu akatembea kutoka getini hadi mlangoni mara mbili, kamera ikiwa juu, kisha ikiwa chini. Ya juu ilitoa kidevu. Ya chini ilitoa yeye.

Ukiwa na kamera mbili, iweke moja juu na pana ili ione kilichotokea, na nyingine chini na nyembamba kwenye njia ya lazima ili ione ni nani. Mbili za 2K kwa mpangilio huo zinafanya kazi ambayo 4K moja haiwezi.

Nani mwingine anaona?

Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa wingi mno, kwa sababu tu wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani. Februari 2024 Wyze walikiri kwamba watumiaji wapatao 13,000 walionyeshwa picha ndogo za kamera zisizo zao. Kabla yake, mwishoni mwa 2022, iligundulika kwamba eufy, waliokuwa wakitangaza hifadhi ya ndani pekee, walikuwa wakipeleka picha za arifa kwenye wingu. Siyataji haya ili uzikimbie: Wyze Cam v3, kwa ukubwa wake wa 1080p, lenzi ya f/1.6 na picha yake ya rangi usiku, bado ni moja ya kamera ndogo zenye thamani kubwa nilizowahi kuzishika. Nayataja kwa sababu kamera ya chumbani ni tofauti na ya getini. Ndani naweka ile inayorekodi kwenye kadi tu, ninaigeuza ukutani tukiwa nyumbani, na nywila yake haifanani na nyingine yoyote. Tapo C200 au C210 zinatosha kabisa kwa sebule. Vyumba ni vidogo, mtu yuko mita tatu, na 4K ndani ya nyumba ni kutupa pesa.

Mimi ningenunua ipi

Mlango wa mbele wenye taa: 2K yenye f/1.0 na kihisi kikubwa, C325WB kama Wi-Fi inafika vizuri, CX410 au Hikvision DS-2CD2347G2-LU kama naweza kuvuta waya. Kwa nyumba nyingi hapa ndipo ubora na bei vinapokutana.

Uwanja mpana au maegesho, nikiwa na mashine ya kurekodi: 4K, lakini yenye lenzi ya milimita 4 au zaidi. Ile ya 2.8 ningeikubali pale tu ninapotaka kuona tukio, si sura.

Njia nyembamba, ngazi, mlango wa nyuma: 1080p au 2K yenye lenzi ya milimita 6. Ndiyo iliyomnasa mwizi wangu, na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote nilizozitaja.

Ukishainunua, usisubiri tukio. Siku ileile usiku, zima taa unazozizima kila siku, mwambie mtu wa nyumbani avae kofia atembee kwa mwendo wake wa kawaida kutoka mahali ulipopapima kwa futi kamba. Simamisha video kwenye fremu tano tofauti. Kama hata moja haimtambulishi mtu unayekula naye meza moja, irudishe kwenye boksi muda wa kurudisha haujaisha.